Jeep Ilipotoka Vitani: Historia ya Habu za Kufunga kwa Mkono

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotupa kazi ya kuandika insha ya historia, wenzangu wengi darasani walichagua wafalme, vita na wamisionari. Mimi nimechagua kifaa cha chuma ambacho mtu anaweza kukishika kwa mkono mmoja. Kifaa hicho ni habu ya kufunga kwa mkono, ile inayokaa katikati ya gurudumu la mbele la gari la fowili, yenye kishikio cha kuzungusha na maneno mawili yaliyochongwa juu yake: LOCK na FREE. Msomaji aliyekulia sehemu za milimani kama kwetu Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, amekwisha kumwona dereva akisimamisha gari pale lami inapoishia, akashuka, akachuchumaa karibu na gurudumu la mbele, akazungusha kitu, akaenda upande wa pili akafanya vilevile, kisha akapanda gari na kuendelea. Katika insha hii nitaeleza anachofanya, kilitoka wapi, na kwa nini watu wanatoa fedha zao leo ili warudi kwenye jambo linaloonekana kuwa la kizamani.

Hoja yangu ni hii. Tunafundishwa kwamba vyombo husonga mbele: cha mkono hufuatwa na cha mashine, na cha mashine hufuatwa na cha umeme. Habu haikufuata njia hiyo. Ilianza kwa mkono, ikawa ya kujifunga yenyewe, na katika nchi za matope inarudishwa kwenye mkono na wenye magari wenyewe, mmoja mmoja, katika gereji zisizo na hata kibao cha jina.

Kwanza nieleze maneno, kwa sababu Kiswahili cha gereji hakimo katika vitabu vyetu vya darasani. Fowili ni gari ambalo injini yake inaweza kuyasukuma magurudumu yote manne. Difu ni lile tufe la chuma lenye gia katikati ya ekseli, linalogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto. Propela ni mhimili mrefu unaopeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu. Hafshafti ni fimbo ya chuma inayotoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu. Maneno haya yamechukuliwa kutoka Kiingereza na kulainishwa na mafundi. Nayatumia bila haya, maana fundi wa Kampala, wa Kigali, wa Bukavu na wa Mwanza wote wanayaelewa.

Historia yenyewe inaanza na jeshi. Mwaka 1940 Ulaya ilikuwa tayari vitani, na jeshi la Marekani lilitaka gari dogo, jepesi, la magurudumu manne yenye nguvu, la kuchukua nafasi ya farasi na pikipiki. Lilipeleka maombi kwa kampuni 135, na muda uliotolewa ulikuwa mfupi kiasi kwamba karibu zote zilikaa kimya. Kampuni ndogo ya Bantam, ya mji wa Butler katika jimbo la Pennsylvania, ilitengeneza gari la kwanza la majaribio na kulifikisha kambini Holabird mwezi Septemba mwaka huohuo. Baadaye kazi kubwa ya kuyatengeneza ikapewa kampuni ya Willys pamoja na Ford. Hadi vita vilipokwisha mwaka 1945, zaidi ya magari 600,000 ya aina hiyo yalikuwa yametengenezwa, na dunia nzima ikayajua kwa jina la Jeep.

Ndani ya Jeep, kando ya wenzo wa gia za kawaida, kulikuwa na wenzo mwingine wa kuunganisha na kutenganisha ekseli ya mbele. Kwenye barabara ngumu ilibidi kuitenganisha. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope tofauti hiyo humezwa na utelezi, lakini kwenye lami tairi haziteleзi kirahisi, hivyo vyuma vya ndani hubanana, usukani huwa mzito, na mwishowe kitu huvunjika. Kwa hiyo dereva aliirudisha Jeep kwenye nguvu za nyuma peke yake.

Lakini hapo palikuwa na jambo ambalo wakati wa vita halikumsumbua mtu. Wenzo ule ulikata nguvu kwenye giaboksi tu. Huko mbele, kila gurudumu lilikuwa bado limefungwa kwenye hafshafti yake kwa kipande cha chuma kiitwacho flenji, chenye meno yanayouma meno ya hafshafti. Gurudumu lilipozunguka barabarani lilizungusha hafshafti, hafshafti ikazungusha gia za difu, na difu ikaizungusha propela kinyumenyume hadi mlangoni mwa giaboksi. Vyuma vyote hivyo vilizunguka ndani ya oili na grisi, mwendo wote, bila kuleta faida yoyote. Kwa jeshi hilo si neno. Mafuta yalilipwa na serikali, na hakuna askari aliyetarajia Jeep yake iishi miaka ishirini.

Vita vilipokwisha, Jeep nyingi ziliuzwa kama mabaki ya jeshi. Walionunua walikuwa wakulima, wakata miti, wawindaji na wenye maduka ya vijijini. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Gari lililokuwa likivuka mashamba ya Ufaransa chini ya mizinga sasa lilikwenda mjini kununua misumari, kwenye barabara nzuri, na mwenye kulipia petroli alikuwa mwenye gari mwenyewe. Kelele za difu ya mbele na usukani unaotetemeka, vitu ambavyo askari alivivumilia, vilimkera mkulima. (Nikiruhusiwa kutoka njiani kidogo: hapa Uganda Kiswahili nacho kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa lugha ya wanajeshi, na mpaka leo kinatafuta namna ya kukaa vizuri na raia. Kwa hiyo naielewa shida ya Jeep.)

Mwaka 1948, karibu na mji wa Seattle katika jimbo la Washington, Arthur Warn na mkewe Sadie walianzisha kampuni yao. Bidhaa iliyowaanzishia ilikuwa habu za kufunga na kufungua, kwa ajili ya Jeep hizohizo za mabaki ya vita. Leo jina la Warn linajulikana zaidi kwa winchi za kuvuta magari yaliyokwama, lakini mwanzo wake ulikuwa habu.

Wazo lenyewe ni rahisi mpaka mtu anajiuliza kwa nini halikufikiriwa na jeshi. Mahali pa flenji ile isiyobadilika panawekwa kifaa chenye sehemu mbili. Sehemu ya ndani ina meno yanayoikamata hafshafti. Sehemu ya nje imefungwa kwa bolti kwenye gurudumu. Kati yake kuna pete yenye meno inayoweza kuteleza ndani na nje. Kishikio kikizungushwa kwenye LOCK, pete inaingia na kuziunganisha sehemu hizo mbili, na gurudumu linakuwa kama lilivyotoka kiwandani. Kikizungushwa kwenye FREE, pete inatoka, na gurudumu linazunguka juu ya beringi zake peke yake. Hafshafti, difu na propela ya mbele vinalala.

Inafaa kutambua kwamba mwaka huohuo wa 1948 Waingereza nao walikuwa wakijibu swali lilelile kwa njia nyingine. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya mabaki ya vita kwenye shamba lake kisiwani Anglesey, Wales, na kutoka humo likazaliwa wazo la Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Land Rover za mwanzo hazikuwa na habu za kufungua. Nguvu zilikwenda mbele wakati wote, lakini ndani, kati ya giaboksi na ekseli ya mbele, paliwekwa kifaa kinachoyaruhusu magurudumu ya mbele kukimbia zaidi kidogo kuliko ya nyuma, kama baiskeli inavyoteremka bila mtu kukanyaga pedali. Mpango huo haukudumu. Baada ya miaka michache Land Rover nayo ikawa na ekseli ya mbele ya kuunganisha na kutenganisha, na kampuni nyingine, Fairey, ikawa inatengeneza habu za mkono za kuongezewa. Kwa hiyo jibu la Marekani, lile la mwisho wa gurudumu, ndilo lililoenea hata kwenye gari la Waingereza, na Land Rover ndiyo iliyoleta fowili kwa wingi katika Afrika Mashariki ya kikoloni, kwa mabwana shamba, madaktari wa mifugo, polisi na askari wa wanyamapori.

Japani ilifuata. Toyota ilitengeneza gari lake la BJ mwaka 1951, na mwezi Julai mwaka huo dereva wake wa majaribio, Ichiro Taira, akalipandisha mlima Fuji hadi kituo cha sita, jambo lililowavutia polisi wa nchi hiyo wakalinunua. Mwaka 1954 gari hilo likapewa jina la Land Cruiser. Aina ya 40 ilikuja mwaka 1960, na aina ya 70 mwaka 1984. Hii ya 70 ndiyo ninayoijua kwa macho yangu. Kutoka Kisoro hadi mpaka wa Bunagana na Kongo si mbali, na kila mapigano yanapozuka upande wa pili na wakimbizi kuvuka, Land Cruiser nyeupe za mashirika hupanga foleni mjini kwetu. Nilipokuwa mtoto tulizisogelea kuangalia habu zake. Zikiwa LOCK tulijua zimetoka kwenye matope, zikiwa FREE zimetoka Kampala au Mbarara. Tulisoma safari ya gari kwenye gurudumu lake kabla hatujaweza kusoma gazeti.

Katika magari ya biashara, kazi ya kuzungusha habu ilikuwa ya utingo. Dereva hakushuka. Alipiga honi mara moja, utingo akaruka, akachutama kwenye matope, akazungusha kulia na kushoto, akakimbia kulirukia gari lililokwisha kuanza kutambaa. Kwa mawazo yangu hili ndilo jambo lililowafanya watengenezaji watafute njia nyingine. Katika Marekani na Japani ya miaka ya 1980 fowili halikuwa tena gari la shamba tu. Lilinunuliwa na daktari, mwalimu, mama wa familia, mtu anayekwenda kuteleza kwenye theluji mwisho wa wiki. Mtu huyo hana utingo. Hataki kushuka na viatu vyake kwenye theluji. Ndipo zikaja habu za kujifunga zenyewe.

Hizi hufanya kazi kwa msuguano na springi. Dereva anaunganisha nguvu za mbele kwa wenzo, hafshafti inaanza kuzunguka, na mzunguko huo unaisukuma pete ya meno ndani. Ili kuifungua anarudisha wenzo, kisha anaendesha kinyumenyume mita moja au mbili, pete inatoka. Ni ufundi mzuri, sikatai. Unafanya kazi vizuri gari likiwa jipya na grisi ikiwa ile iliyopendekezwa. Lakini vipande vyake ni vidogo na vingi, na vinategemea msuguano wa kiasi maalumu. Grisi ikiganda au ikiwekwa nyingi mno, maji ya mto yakiingia, springi ikilegea, habu haijui tena ifanye nini. Na wala haina namna ya kumwambia dereva. Taa kwenye dashibodi inaweza kuonyesha kwamba fowili imeingia wakati gurudumu halijui lolote.

Magari haya yalipochoka kwao yaliletwa kwetu. Uganda tunaendesha upande wa kushoto kama Wajapani, kwa hiyo mtumba wa Japani unatufaa bila kubadilishwa usukani. Gari la aina hiyo ndilo alilonunua baba mdogo, kwa mkopo wa chama cha akiba. Aina yake siitaji, maana halikuwa na kosa. Lilitengenezwa kwa ajili ya watu wengine na lilikuwa limezeeka. Lengo lake lilikuwa kubeba viazi mviringo kutoka vijiji vya kuelekea Rubuguri na Nkuringo, kando ya msitu wa Bwindi, na siku za bahati kubeba watalii wa sokwe. Udongo wa huko mvua ikinyesha huwa kama sabuni.

Msimu wa kwanza wa mvua habu ya kushoto ilianza kukataa. Siyo kila mara, na hilo ndilo baya zaidi. Hapa lazima nieleze tabia ya difu, kwani wengi hudhani kwamba habu moja ikikataa gari hubaki na magurudumu matatu yenye nguvu. Sivyo. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko upande ule usio na mzigo. Hafshafti ya kushoto ikiwa haijashikana na gurudumu, yenyewe ndiyo itakayozunguka bure, na gurudumu la kulia, hata likiwa limefungwa vizuri, halitapata kitu. Habu moja ikikataa, ekseli nzima ya mbele imekwenda likizo. Baba mdogo alibaki na nguvu za nyuma peke yake katikati ya mlima, na magunia ya viazi nyuma yake. Mara mbili alilala njiani. Mara ya tatu mnunuzi wa Kabale alimwambia kwamba atatafuta gari jingine, na awamu ya mkopo ilikuwa inamsubiri.

Fundi wake wa Kisoro, mzee aliyejifunzia kazi kwenye Land Rover, hakutaka hata kuzifungua zile habu kuzisafisha. Alisema zikisafishwa zitafanya kazi hadi zitakapochoka tena, na hakuna atakayejua ni siku gani. Alitaka za mkono. Mimi nilikuwa Kampala masomoni, kwa hiyo nilitumwa kwenye soko la vipuri la Kisekka. Fundi alinipigia simu akanisomea vipimo nami nikaviandika: idadi ya meno ya hafshafti, idadi ya bolti, umbali kati ya bolti na bolti. Siku iliyofuata dereva wa basi akaniletea karatasi ambayo mzee alikuwa ameikandamiza juu ya habu yenye grisi, alama zake zikabaki kama muhuri. Pale Kisekka karatasi ile ilifanya kazi kuliko maelezo yangu yote. Muuza duka aliiweka juu ya habu moja, akatikisa kichwa, akaiweka juu ya nyingine iliyotengenezwa Brazili, akasema, "Hii hapa." Brazili nayo ina barabara zake za udongo mwekundu, na habu za AVM zinatoka huko. Bei ilikuwa karibu ya tairi mbili mpya. Nilizihesabu meno mara tatu kabla ya kulipa, nikazipakia kwenye basi la usiku.

Kazi yenyewe niliishuhudia nilipokwenda nyumbani kwa likizo, kwa kuwa mzee alisubiri mvua ipungue. Gari liliinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya vigingi vya chuma, magurudumu ya nyuma yakazuiwa kwa mawe. Akafungua kifuniko cha habu ya zamani, akatoa pete ndogo ya chuma inayobana mwisho wa hafshafti, akafungua bolti, habu ikatoka na maji machafu ya rangi ya chai ya maziwa. Katika magari mengi ya habu za kujifunga kuna vipande vingine vilivyojificha nyuma, kwenye nati ya beringi, ambavyo habu ya mkono haivihitaji. Visipotolewa, habu mpya haikai mahali pake. Mzee alivitoa, akaweka nati ya kawaida na kufuli yake. Beringi alizipangusa, akazitia grisi mpya kwa kiganja mpaka ikatokeza upande wa pili, akakaza nati huku akilizungusha gurudumu, akailegeza, akaikaza tena kidogo tu.

Ndani ya habu mpya alipaka grisi nyembamba kama mtu anayepaka siagi wakati siagi ni ghali. Nilimuuliza kwa nini asiweke ya kutosha. Alijibu kwamba pete ya meno inasukumwa na springi ndogo, na springi haina nguvu ya kusukuma ugali. Akaweka gasketi, akakaza bolti kwa kupishana, akarudisha pete ya mwisho.

Kisha jaribio. Magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa hewani na habu zikiwa FREE, alizungusha la kushoto kwa mkono: propela ilitulia. Akaiweka habu kwenye LOCK, akazungusha tena, na chini ya gari vyuma vikaamka. Upande wa kulia vivyo hivyo. Hakuna taa ya dashibodi iliyohusika. Kila mtu aliyesimama pale, hata watoto, aliona kwa macho yake kama habu imefunga au haijafunga.

Kuhusu mafuta, watu wengi hutaja dizeli kuwa sababu ya kwanza ya kufunga habu za mkono. Kwa Jeep ya mwaka 1948, iliyozungusha vyuma vyake vya mbele siku zote, sababu hiyo ina uzito. Kwa gari lililokuwa tayari na habu za kujifungua lenyewe, sioni faida hiyo inatoka wapi, na baba mdogo mwenyewe hakuona tofauti katika dizeli. Alichonunua ni uhakika. Wanaouza habu kwa hoja ya dizeli peke yake wanauza kitu kizuri kwa maneno yasiyo yake.

Jambo jingine ambalo madereva wapya hawalijui ni kwamba LOCK si sawa na fowili kuingia. Habu zikiwa zimefungwa na wenzo ukiwa kwenye nguvu za nyuma, gari linaendeshwa kwa usalama hata kwenye lami. Limerudi tu kuwa Jeep ya mwaka 1941, linazungusha vyuma vya mbele bure. Kwa hiyo miezi ya mvua baba mdogo anaziacha LOCK wiki nzima na kutumia wenzo akiwa amekaa kitini. Utingo hashuki kila kona. Kiangazi anazirudisha FREE. Kisichofaa ni kuacha moja LOCK na nyingine FREE, au kuingiza gia nzito ya fowili ya kupandia mlima wakati habu ziko FREE, maana nguvu yote inaangukia ekseli ya nyuma. Wala zisiachwe FREE kwa miezi mingi. Beringi na viungo vya mbele hupata grisi na oili yake vinapozunguka, na vikilala muda mrefu sehemu za juu hukauka. Toyota hushauri fowili itumike angalau kilomita 16 kila mwezi. Kwetu kilomita hizo hazitafutwi.

Habari za gari lile zilipoenea, wateja wa mzee waliongezeka, na baadhi yao walileta magari ya namna tofauti kabisa: yale ambayo nguvu huenda mbele na nyuma wakati wote. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa ya namna hiyo, na Land Rover One Ten ya mwaka 1983, na Land Cruiser aina ya 80 iliyokuja mwaka 1990 kwa kiasi kikubwa. Magari haya yana difu ya tatu katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ndiyo maana yanaweza kukata kona kwenye lami bila kubanana. Huko Australia wako wenye magari hayo wanaoyabadilisha yawe ya nguvu za nyuma na habu za mkono, na wenyeji wetu waliosikia wanataka nao.

Mzee huwauliza swali moja: je, difu ya katikati utaifanyaje? Ukifunga habu za mkono kwenye gari la namna hiyo, ukaziweka FREE na kuiacha difu ya katikati wazi, nguvu yote itakwenda mbele, kwenye hafshafti zisizoshika kitu, na gari halitasogea hata hatua moja. Ni lazima difu hiyo ifungwe, au itolewe na kuwekwa kipande kigumu mahali pake, na kazi hiyo inahitaji giaboksi kushushwa na vipuri ambavyo Kisekka si rahisi kuvipata. Wengi wakisikia hivyo hushukuru na kuondoka. Mmoja, mwenye Land Cruiser aina ya 80, ameagiza vipuri vyake nje, na gari lake limesimama nyuma ya gereji chini ya turubai, likisubiri kontena lifike Mombasa.